Ubavu wa Kulia wa Gari la Mjomba

Karakana ya Rangi,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo wewe na mkaza mjomba? Macho yanaendeleaje na hiyo dawa mpya ya matone? Binamu ameniandikia kwamba sasa unaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita, lakini humjui ni nani mpaka aseme. Nilisikitika, sikufichi. Halafu akaongeza kwamba unabishana na redio asubuhi nzima, nikajua mgonjwa wetu ni mzima. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, vinginevyo anadunda. Mimi kifua ni safi, barakoa navaa kila ninapopulizia rangi, kwa hiyo usianze.

Binamu, wewe unayesoma: soma kila neno kama lilivyo. Najua tabia yako ya kuruka mistari ukiona barua ndefu. Na ukifika mahali nimeandika "pumzika," pumzika kweli, mpe mzee chai, kisha endelea.

Mjomba, barua hii ina mambo mawili. La kwanza ni jibu la swali lako, kwamba magari ya siku hizi yamekaaje, maana wewe huyaoni tena na Binamu akiulizwa anajibu, "Ni magari tu, Baba." La pili linamhusu Kinyozi, rafiki yako ambaye hujasema naye miaka ishirini na sita. Tafadhali usimwambie Binamu aikunje karatasi. Nimejua kilichotokea zile wiki tatu ulizomwachia ufunguo wa gari, na sivyo unavyodhani. Naanza na magari kwa sababu bila swali lako nisingegundua kitu. Mama anajua kwamba ninakuandikia, na anasubiri kusikia utasema nini.

Haya, magari. Nilikaa na kalamu nikaandika, "Ni mazuri, ya kisasa," nikajionea aibu. Mazuri vipi? Si ndivyo ulivyokuwa ukinibana pale barazani nikiwa na miaka sita? Gari likipita unaniziba macho kwa kiganja: taa ngapi, bampa limekatika wapi, kioo cha nyuma kimelala au kimesimama? Nikikosea unacheka mpaka unakohoa. Ukaniita Maswali, maana ukiniuliza moja nilikuwa nakurudishia kumi. Leo mimi ni fundi wa kupaka magari rangi, nashinda nayo toka asubuhi mpaka jioni, na kumbe sikuwa nayatazama. Basi nikaamua kuyasoma kama wewe ungeyasoma sasa. Kila gari lililoingia karakana mwezi huu nimelipapasa kwa viganja, macho nimefumba. Wateja wananiona nimechanganyikiwa, na mmoja amehamishia gari lake kwa fundi mwingine.

Kwanza sura. Zimenuna, Mjomba! Taa ni nyembamba, zimevutwa juu pembeni, kama mtu aliyekunja uso akisoma maandishi madogo. Ule wavu wa mbele, wa kuingiza hewa, umepanuka hadi unakaribia lami. Najiuliza nani kayaudhi. Fundi umeme, tunayepanga naye karakana, anasema kila mtu anataka apishwe barabarani, ndiyo maana yanachorwa hivyo. Jibu hilo halijaniridhisha. Mwenye gari kali kuliko yote niliyowahi kupaka ni mwalimu wa chekechea, mpole mno, hata honi anaona haya kuipiga. Nilimuuliza kwa nini alilichagua. Akasema hakuwahi kulitazama kwa mbele, yeye huwa yuko ndani.

Kuna haya ya umeme pia. Hayana injini ya mafuta, kwa hiyo hayahitaji kuvuta hewa nyingi kwa mbele kama lako. Lakini moja lililoletwa hapa limewekewa wavu mkubwa hivyo hivyo, na nilipopitisha kidole kwenye tundu kikagonga ukuta. Plastiki tupu! Nilicheka peke yangu. Waliolichora waliogopa kuliacha bila mdomo, wateja wasije wakashtuka. Lingine lilikuwa halina wavu kabisa, uso laini kama sabuni iliyokwisha kutumika. Fundi umeme analiita Kipara. Mimi nimelipenda, kwa sababu angalau halijitii kuwa kitu ambacho silo.

Mbavuni ndiko ninakopata tabu ya kazi. Gari lako lina mstari mmoja tu ubavuni, toka taa ya mbele mpaka ya nyuma, ukiufuata kwa kidole hunyanyui mkono. Mlango wa siku hizi una mistari mitatu, minne, mmoja unapanda, mwingine unashuka, na mwingine unapotea katikati kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Jioni mwanga ukipiga, nakiri, inapendeza. Lakini kila mstari ni ukingo, na rangi haipendi ukingo. Msasa ukizidi kidogo tu unakula mpaka bati. Waliochora milango hii sidhani kama wamewahi kushika msasa.

Madirisha yamebanwa. Bati limepanda, kioo kimeshuka, mtoto aliyekaa nyuma anaona mawingu tu. Nguzo zinazoshika kioo cha mbele ni nene kiasi kwamba mtu mzima anayevuka barabara anaweza kujificha nyuma yake. Nilitaka kulaani, halafu nikaelezwa kwamba gari likipinduka hizo ndizo zinazobeba paa. Hapo nikanyamaza. Nguzo za gari lako nimezipima kwa vidole: ni nyembamba kama mpini wa fagio. Siku zile za kwenda kwa bibi tukiwa tumejazana saba, lingepinduka, paa lingetukalia vichwani sote. Usinune, nasema ukweli. Kwa kuona nje hakuna la kulishinda. Kwa kupinduka, hapana, hapo mapya yamelizidi.

Rangi ndiyo inayoniumiza. Magari ishirini na mawili nimepaka tangu mwaka uanze, kumi na tisa ni meupe, ya kijivu au meusi. Ninawauliza kwa nini. Wananijibu kwamba ni rahisi kuuza baadaye. Yaani mtu anapaka gari lake rangi ya mtu mwingine ambaye bado hajakutana naye! Kile kijani chako cha ganda la parachichi siku hizi ni mpaka nichanganye mwenyewe, dukani wananiangalia kama naagiza dawa ya kienyeji.

Ndani sasa. Vitufe vimekwisha. Kuna kioo kikubwa kama runinga kimebandikwa pale kwenye dashibodi, kupunguza ubaridi lazima ukitazame, uguse, ukitazame tena. Nikafumba macho nikajaribu kuwasha taa, nikajikuta nimempigia simu dada wa mwenye gari. Nikaingia ndani ya lako, nikafumba tena. Kitufe cha taa ni cha duara, cha wipa kina pembe, cha feni kinazunguka kwa kugoma. Sikukosea hata kimoja. Mtu aliyepanga vitufe vile alikuwa amemfikiria dereva gizani, na mimi nimeyaona hayo mwezi huu tu.

Lakini usije ukadhani mpwa wako amezeeka kabla ya wakati. Yapo mapya yaliyoniacha mdomo wazi. Kuna moja vitasa vyake vimelala ndani ya mlango, huvioni, ukikaribia na ufunguo mfukoni vinajitokeza vyenyewe. Mara ya kwanza niliruka nyuma nikakanyaga kopo la rangi. Na milango inavyofungika siku hizi, Mjomba! Unaisukuma kwa kidole, inaitikia "dup," basi. La kwako lazima ulibamize mara mbili, mara ya pili kwa hasira.

Sasa tufike penyewe. Niliona si haki kupapasa mapya peke yake. Gari lako liko kona ya karakana chini ya turubai, lile lile ulilomwachia Mama ulipohama. Ufunguo unakaa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mahali Mama alipoutundika siku uliyoondoka. Mimi ndiye ninayeuchukua, kila mwezi naliwasha, nalizungusha uani, nalirudisha. Ijumaa ya wiki iliyopita nililivua turubai, nikasimama nyuma ya buti, nikaegemeza kifua, nikatanua mikono yote miwili kama ninalikumbatia. Kiganja cha kushoto ubavu wa kushoto, cha kulia ubavu wa kulia. Nikafumba macho nikaanza kuisogeza mikono mbele kwa pamoja. Fundi umeme akapita na wateja wake, akawaambia, "Waacheni, wana mazungumzo yao."

Mjomba, mikono haikukubaliana. Ule mstari wako mmoja, upande wa kushoto unaanza pale pale taa ya nyuma inapoishia. Upande wa kulia unaanza kidole kimoja mbele. Nilidhani nimesimama upogo. Nikarudia. Nikazunguka, nikapima kwa kamba. Kidole kimoja kamili. Jicho haliwezi kuliona hilo, kwa sababu hakuna anayeweza kuona mbavu zote mbili za gari kwa wakati mmoja. Ukiwa upande huu, ule hauko nao. Nimelijua gari hilo tangu nina miaka mitano na sikuwahi kulijua jambo hilo.

Nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaipitisha. Upande wa kushoto ilinata kote. Upande wa kulia ilinata, ikanata, ilipofika nyuma ya taa ikadondoka sakafuni. Chini ya rangi pale hakuna bati, kuna puti, ule udongo wa mafundi wa kuziba mabonde. Nikafungua buti, nikanyanyua zulia, nikamulika. Alama za nyundo, nyingi, ndogondogo, za mtu mwenye subira. Na rangi ya ndani pale ni kijani, lakini kijani cha pili.

Hapo nikakaa kwenye ndoo. Wewe umeapa mbele ya kila mtu kwamba gari hilo halijawahi kuguswa na nyundo. Ulichokuta umerudi safari ni taa moja tu, ya nyuma kulia, imebadilishwa, nyekundu yake kali kuliko ya mwenzake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilisimama kwenye ngazi na nakumbuka kila kitu. Ulimuuliza Kinyozi mbele ya watu, "Ulikwenda wapi na gari langu?" Akasema, "Taa imevunjika ufunguo ukiwa kwangu, lawama ni yangu." Ukamuuliza tena alikwenda wapi. Akasema, "Siwezi kukwambia." Ukamtaka akuombe radhi kwa uongo, akasema hajasema uongo wowote. Na hapo ndipo urafiki wenu wa toka utotoni ulipokatika. Hukumpigia hata hodi ya kumuaga ulipohama.

Taa haivunjiki peke yake, Mjomba. Kilichovunja taa ndicho kilichobonyeza ubavu. Kwa hiyo gari liligongwa hasa, na mtu akalinyoosha kabla hujarudi. Nikamwendea Mama, nikijua kwa kuwa alikuwa jirani na Kinyozi siku hizo huenda alisikia tetesi. Nilimkuta kwenye cherehani anapinda shuka. Nikamwambia, kama mtu anayepiga soga, "Mama, hivi unajua gari la Mjomba liliwahi kunyooshwa ubavu wa kulia?" Cherehani ikasimama. Akatoa mguu kwenye pedali. Halafu akasema, "Nilijua iko siku utaugusa."

Pumzika hapa, Binamu.

Ni Mama aliyeligonga, Mjomba. Dada yako. Kinyozi alikuwa anamfundisha kuendesha.

Alinieleza yote mchana ule, shuka lipo mapajani. Anasema ulimwahidi kumfundisha. Miaka mitatu, kila Jumamosi, na kila Jumamosi palikuwa na sababu: mara tairi, mara mvua, mara "wiki ijayo, dada, haraka ya nini." Hakukulaumu kwa hilo, alidhani ndivyo ilivyo. Kilichomuuma ni Jumamosi moja alipotazama dirishani akakuona umenipakata, mimi mtoto wa miaka kumi, miguu haifiki chini, nimeshika usukani unanizungusha uani huku unapiga makofi. Anasema aliingia jikoni akalia kwenye mvuke wa sufuria ili asiulizwe. Mjomba, siku ile mimi naikumbuka kama siku ya furaha kuliko zote za utoto wangu. Sasa sijui niiweke wapi.

Basi uliposafiri ukamwachia Kinyozi ufunguo, Mama akamwendea. Kinyozi alikataa siku mbili. Siku ya tatu akakubali. Walikuwa wanakwenda alfajiri kwenye uwanja wa nyuma ya ghala la mbao. Mama anasema siku ya nne alikuwa tayari anabadilisha gia bila kukwaruza, na hapo nilimwona anatabasamu katikati ya machozi. Wiki ya pili wakafika somo la kurudi nyuma. Aliangalia kioo cha upande mmoja, akasahau wa pili. Nguzo ya zege ya lango la ghala. Kishindo, anasema, bado anakisikia akisukuma kabati.

Kinyozi alitafuta fundi, akamshinikiza, ubavu ukanyooshwa ndani ya siku sita. Mama alimpigia magoti asiseme. Alikuwa anaogopa macho yako, si makofi, hujawahi kumpiga. Alidhani atakueleza mwenyewe ukishapoa. Lakini ukaja ukawaka kwa taa tu, akajiuliza, huyu akijua ni ubavu mzima itakuwaje? Wiki ikapita, mwezi ukapita, ukahama. Tangu siku ile hajashika usukani. Ana miaka sitini na moja, Mjomba, na mtoto wake anapaka magari rangi, na yeye anakwenda sokoni kwa miguu na goti lake bovu.

Sitaficha hasira zangu. Siku mbili sikusema na Mama vizuri. Na wewe pia nilikukasirikia, na kidogo bado. Kisha nikaenda kwa Kinyozi.

Banda lake ni lile lile, kiti kile kile cha kuzunguka kinacholia. Amekuwa mwembamba, nywele zake mwenyewe zimekwisha, anasema ndiyo matangazo ya biashara. Alikuwa anamnyoa mteja. Nikasubiri mpaka alipomaliza, nikamwambia, "Nimeugusa ubavu wa kulia." Hakujitia hamnazo. Alizima mashine, akapangusa vifaa vyake kimoja kimoja, kisha akaniuliza swali moja: "Mama yako amekuruhusu kuzungumza?"

Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi ndefu mpaka nikamwonea huruma.

Nilimuuliza kwa nini hakukuita pembeni akuambie. Akasema aliahidi, na ahadi haikuwa yake peke yake. Na jambo la pili hili nakuandikia kama alivyolisema, sikuongeza wala kupunguza: "Aliniuliza mbele za watu akiwa amewaka. Nilijua atarudi kuniuliza tukiwa wawili. Nilimsubiri. Kila mlango ukifunguka nilitazama kioo nione kama ni yeye." Halafu akacheka, akasema na yeye alinuna, kwamba alitaka umwamini hata bila maelezo, na kununa kukimzoea mtu hakumwachi. Hakuomba kitu, Mjomba. Hakutaka uombe radhi. Aliniuliza tu kama ni kweli macho yamekwisha, na nilipomwambia, aligeuka akaanza kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Huenda unajiuliza nitaufanyaje huo ubavu. Sitaufanya chochote. Kila siku nimewahubiria watu kwamba waliochora gari hilo hawakukosea hata unywele, na kumbe mstari nilioupenda kuliko yote umechorwa na fundi ambaye hata jina halikumbukwi. Na nikuambie jambo la ajabu? Baada ya kuupima na kuupapasa mara mia, naona ubavu wa kulia ni mzuri zaidi. Mstari ukianza kidole kimoja mbele, taa inapata nafasi yake, haibanwi. Wale wachoraji wa kiwandani na vyuo vyao vyote walipaswa kufanya hivyo. Siku ukija, nitakushika mikono yote miwili nikuwekee pale nyuma, uniambie kama naongopa.

Kulikuwa na jambo lingine jana. Nilimleta Kinyozi nyumbani. Yeye na Mama wanapishana sokoni kila wiki, salamu za haraka, kila mmoja akiogopa mwenzake asitaje. Jana walikaa meza moja. Wakanywa chai, kisha Kinyozi akamwambia, "Somo letu halikwisha, unajua. Lilibaki lile la kurudi nyuma." Mama akasema amezeeka. Kinyozi akasema na gari nalo limezeeka, mtaelewana. Nikanyanyuka niuchukue ufunguo pale msumarini. Mama akanishika mkono. Akasema, "Uache. Safari hii mwenyewe aombwe kwanza." Na Kinyozi naye akaapa kwamba hakanyagi ndani ya gari lile mpaka asikie ruhusa kwa sauti yako, masikioni mwake, wala si kwa barua wala kwa kupitia mimi. Mnafanana ukaidi, nyinyi wawili.

Namba ya simu ya Kinyozi nimeiandika pembeni mwa ukurasa huu. Binamu, mbonyezee wewe, kisha mpe simu na utoke chumbani.

Msalimie sana mkaza mjomba, mwambie ile rangi ya mlango aliyoniulizia ipo, nitamtumia kopo mtu akisafiri. Wasalimie wajukuu wote, hasa yule mdogo anayepanga magari ya kuchezea mstarini bila kumruhusu mtu ayaguse, damu yetu hiyo haijifichi. Fundi umeme anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu akupe nuru ya macho, na kama nuru ya macho itachelewa, akupe mikono ya kushika na masikio ya kutusikia. Nimemwachia Mama nafasi hapo chini, aandike neno lake kwa mkono wake mwenyewe.

Mpwa wako akupendaye daima,
Maswali

Kaka, shikamoo. Niligonga mimi. Kinyozi hakukosa lolote. Naomba ufunguo.
Dada yako